Chuo Kilichonyimwa Moto

Bisibo, Biharamulo
21 Septemba 1975

Mwanangu Tomasi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Huku tu wazima. Baba yako anakohoa asubuhi tu. Ikifika jioni anacheka na kudai ugali wa pili, kwa hiyo usimtumie dawa, mtumie blanketi. Mvua imechelewa. Jirani yetu Ng'washi anakusalimu, na binti yake Jovina amemaliza darasa la saba. Barua yako ya mwisho uliiandika kwa penseli. Usirudie. Masista wa Rulenge hawakunifundisha hivyo, nami sikukufundisha hivyo.

Sasa nieleze jambo lenyewe. Unajua kwamba mwaka jana tulihamishwa kutoka kilimani tukapangwa huku bondeni, nyumba mkabala na nyumba, kama madawati. Tuliambiwa kilima kinahitajika kwa kazi ya taifa. Kazi hiyo sasa tumeiona: wanajenga Chuo cha Ualimu. Bweni la wasichana limesimama juu ya shamba langu la karanga, na uwanja wa mpira umekula malisho ya baba yako. Hakuna aliyetuuliza.

Kijiji kimekaa kikao. Niliyesimama kusema ni mimi, wala sijuti. Nilisema Chuo hicho kinyimwe moto. Unakumbuka desturi ambayo wazee wetu walikuja nayo kutoka Shinyanga. Mtu aliyewakosea wenzake hapigwi wala hashitakiwi. Hapewi kaa la moto, hauziwi chakula, haazimwi jembe, na akifiwa hachimbiwi kaburi, mpaka siku atakapoleta mnyama kwa hiari yake, achinjwe, na watu wa kijiji wale nyama yake. Basi Chuo hakitauziwa hata mchicha.

Wewe umesoma Chuo Kikuu na unafanya kazi katika ofisi inayoshughulikia vyuo. Waambie hayo. Kisha unijibu lile swali langu kuhusu kuoa, maana nimeuliza mara nyingi nikajibiwa habari za hali ya hewa.

Shangazi yako,
Genoveva


Dar es Salaam
2 Novemba 1975

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo pia kwa Baba. Blanketi nimempa dereva wa lori la Biharamulo. Huku mvua za vuli zimeanza na barabara ya kwangu imekuwa mto. Nimeandika kwa wino, kama uonavyo.

Nimesikitika kwa ajili ya shamba la karanga. Nilijifunza kuhesabu humo. Lakini, Shangazi, niruhusu nikuambie nilichokiona kwa macho yangu. Nilipokuwa Chuo Kikuu, uzio wetu haukuwa mrefu kiasi cha kuzuia harufu ya maandazi. Ng'ambo ya uzio walikaa wanawake waliotupikia, waliotufulia, waliotupangishia vyumba tulipokosa nafasi mabwenini. Mmoja alianza na sufuria ya uji, na nilipomaliza masomo alikuwa anajenga nyumba ya pili. Hakujua tunasoma nini, wala hakutaka kujua. Alijua tuna njaa saa nne asubuhi.

Watu mia chache wasiolima, wanaokula kila siku, wakiwekwa katikati ya watu wanaolima, si adui. Ni soko linalolala hapohapo. Ninyi mnalinyima moto, na moto wenyewe ndio mngeuza.

Ofisini sijasema kitu. Mimi ni karani wa juu kidogo tu.

Wako mtiifu,
Tomasi


Bisibo
8 Februari 1976

Mwanangu Tomasi,

Salamu. Blanketi limefika likiwa na harufu ya dizeli. Baba yako anasema hiyo ndiyo harufu ya mtoto aliyefanikiwa. Mimi ni mzima. Ng'ombe wawili wamezaa.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Unanifundisha habari za njaa ya saa nne asubuhi, mimi niliyefundisha watoto wenye njaa miaka yote? Sawa. Sasa sikia yaliyotokea, ucheke ukitaka.

Mkuu wa Chuo ni mtu wa Pangani, anaitwa Mwalimu Halfani. Mtu safi, mwenye kanzu nyeupe na maneno mengi ya adabu. Alikaa hapa majuma kadhaa akishangaa kwa nini hakuna anayemuuzia kuku. Wapishi wake walifuata kila kitu Biharamulo mjini, dukani kwa akina Sabiti, hata chumvi, hata viberiti. Siku ya ufunguzi akaalika kijiji kizima. Akachinja fahali wawili. Mwanamvua, mke wa Sabiti, alikuja toka mjini kusimamia masufuria ya pilau. Tukala. Mimi nilikula kidogo, kwa adabu.

Baada ya kula baba yako akasimama, akajipangusa mikono, akasema, "Mwalimu, umeleta mnyama mwenyewe bila kusukumwa, na sisi tumekula. Jambo limekwisha. Kuanzia leo una moto."

Halfani akapiga makofi, akadhani ameshukuriwa. Akajibu, "Ahsanteni sana, ndugu zangu, ila moto tunao, tuna jiko la kisasa." Watu walicheka mpaka Ng'washi akashika kiuno.

Nikamwambia baba yako njiani, "Mayunga, mtu yule hajui kama ametozwa faini."

Akaniambia, "Dada, nyama yake imejua."

Kwa hiyo wazee wamemfungulia. Asubuhi yake Ng'washi alikuwa getini na beseni la maandazi. Mimi sikubaliani. Chuo kile kimekaa juu ya karanga zangu, na sitakiuzia hata yai moja. Andika neno hili mahali.

Shangazi yako,
Genoveva


Dar es Salaam
19 Juni 1976

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia. Nilikuwa safarini Mtwara, na barua yako ilinisubiri.

Ninaandika kwa haraka. Baba ameniandikia kwa mkono wa Jovina kwamba paa la nyumba yako sasa ni la bati, na kwamba kuku wako wameongezeka mpaka wanalala jikoni. Nimefurahi sana. Nimejiuliza tu, kwa kuwa huuzi mayai, ni nani anayeyala?

Ni swali la mwanafunzi kwa mwalimu wake.

Tomasi


Bisibo
30 Oktoba 1977

Mwanangu Tomasi,

Nimekaa bila kukuandikia kwa sababu nilikasirika, kisha nilikuwa na kazi nyingi. Huku tumezika: mzee Nshoma wa kando ya kisima. Mahindi ni mazuri. Baba yako ameacha kukohoa.

Kuhusu mayai, kuku wanataga, mtu hawezi kuwazuia. Jovina huyachukua asubuhi na kuyapeleka anakojua. Sijamuuliza.

Lakini ukitaka kujua habari za Chuo chako, nitakuandikia kama shahidi. Ulisema ni soko. Ni kweli, ila hukusema yote. Pamba imepungua bondeni, kila mtu sasa ana bustani ya vitunguu na kabichi, maana wanachuo hawali pamba. Ng'washi amejenga vyumba nyuma ya nyumba yake na kuvipangisha kwa walimu. Fundi baiskeli ametoka Lusahunga na kuhamia getini. Vijana waliokuwa wanakimbilia Geita wamebaki. Hayo ni mema.

Sasa mabaya. Maziwa yote yanapanda kilimani. Niliingia nyumba moja, sitaitaja, nikakuta mtoto mdogo analia, na kibuyu cha maziwa kimefungwa tayari kwa kupelekwa Chuoni. Niliyamimina maziwa hayo katika kikombe cha mtoto, mama yake akiwa anatazama. Na maharage yamepanda bei mpaka mjane anayenunua hawezi. Mtu wa kilimani ana mshahara. Mtu wa bondeni ana jembe. Wote wawili wanasimama mbele ya kapu lilelile. Hilo hamkulisoma?

Nilipanda kwa Halfani nikamwambia. Niliingia ofisini mwake kwa mara ya kwanza. Akanisikiliza, akaita wazee, tukakubaliana: maziwa ya asubuhi ni ya watoto wa kijiji, ya jioni ni ya Chuo. Wanachuo watalima maharage yao wenyewe kwa kujitegemea, wasiyanunue kijijini. Mboga, ndizi na kuku watanunua kwetu. Na wanachuo watakuja shule ya msingi kufundisha kwa zamu, nami nitakaa nyuma ya darasa kuwasikiliza. Wengi wanafundisha vibaya. Mmoja alifundisha akiwa ameegemea ukuta, nilimwondoa ukutani.

Halfani aliniambia nilipotoka, "Bibi Genoveva, mayai yako ni makubwa kuliko ya wote."

Nikamwambia, "Sina mayai hapa."

Akasema, "Naam, basi sijui nakula ya nani."

Bado hujanijibu kuhusu kuoa.

Genoveva


Bisibo
17 Desemba 1978

Mwanangu,

Upo? Barua mbili zangu hukuzijibu, nami nataka kuamini ni posta na vita, wala si wewe. Huku tunasikia redio kwa akina Ng'washi kila jioni. Malori ya jeshi yanapita Lusahunga usiku na mchana kuelekea kaskazini. Tumetoa ng'ombe kwa ajili ya askari. Baba yako alitoa dume lake jeupe bila kuambiwa, kisha akakaa zizini peke yake.

Chuo kimefungwa. Wanachuo wa kiume walifanya mazoezi ya mgambo uwanjani, wakaondoka wakiimba. Waliobaki walirudishwa makwao. Mwalimu Halfani ameitwa mjini kufanya kazi za wakati wa vita. Kabla hajaondoka alishuka kwangu na funguo zote, za madarasa, za mabweni, za ghala.

Nikamuuliza, "Kwa nini mimi? Mwenyekiti wa kijiji yupo."

Akasema, "Kwa sababu wewe ndiye uliyetukataa kwa sauti. Mtu wa namna hiyo haibi."

Kimya cha getini sikuwa nimekitarajia, Tomasi. Beseni la Ng'washi liko tupu. Kabichi zimeoza bustanini, mbuzi wamezichoka. Fundi baiskeli amerudi Lusahunga. Vyumba vya Ng'washi vina popo. Nilidhani vita ni kule kwenye bunduki. Kumbe na huku vinafika, vikiwa vimevaa kimya.

Niandikie neno moja tu, kwamba uko hai.

Genoveva


Dar es Salaam
25 Machi 1979

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Niko hai, ni mzima, wala sikupelekwa vitani. Nisamehe. Barua zako nilizipata zote. Nilikosa namna ya kuandika, na hata sasa sina, lakini wiki hii nimeagizwa, kwa hiyo lazima.

Ofisi imeamua kwamba Chuo hakitafunguliwa tena Bisibo. Kitahamishiwa mji mkubwa, penye umeme na reli. Wanasema huko ni rahisi kukiendesha. Mabati ni adimu nchini, saruji ni adimu, vitanda ni adimu; hivyo majengo ya kilimani yatavuliwa mabati, milango na madirisha, na vitanda vitapakiwa. Wameniteua mimi kuja kusimamia, kwa sababu, kama alivyosema mkubwa wangu, "wewe watu wale ni wako, watakusikiliza."

Nitakuja na lori baada ya mvua. Nakuomba uwatulize watu, hasa Ng'washi, na uwe na funguo tayari. Jambo lenyewe limekwisha kuamuliwa. Nikikataa, atakuja mtu mwingine, nami nitakuwa nimepoteza kazi bure. Naamini unanielewa, wewe uliyenifundisha kutii.

Nisalimie Baba. Tafadhali usimwambie bado.

Tomasi


Bisibo
10 Mei 1979

Tomasi,

Baba yako hajambo. Nimemwambia. Nilimsomea barua yako yote, polepole, mbele ya watu, kwa sababu nyumba hii haina barua za kujificha. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ameandika hayo kwa wino?" Nikasema ndiyo. Akatoka nje.

Nimetafuta katika barua yako mahali uliposema, "Nilikataa." Sikupaona. Nimetafuta mahali uliposema, "Niliwaambia wanachofanya." Sikupaona. Unaandika "wanasema" na "wameamua" kama mtu anayesimulia mvua. Nilikufundisha kutii, ni kweli. Nilikufundisha pia kunyoosha mkono na kuuliza. Hilo umelisahau mapema mno.

Sasa nikujibu, na uwasomee wakubwa wako kama wana masikio.

Mlituondoa kilimani ili Chuo kije. Tukashuka. Mlituambia tubadilike, tukabadilika: tuliacha pamba tukapanda mboga zenu, tukajenga vyumba vya walimu wenu, tukafuga kuku kwa ajili ya wanachuo wenu. Naam, kuku wangu pia. Nimesema. Tuliyapanga maisha yetu kulikabili geti lile kama watu wanavyopanga nyumba kuikabili barabara. Leo mnasema Chuo kinahama, kana kwamba mnahamisha kiti. Karanga zangu mtanirudishia? Haziwezi kuota ndani ya zege. Malisho ya baba yako je? Mtaondoka na mabati na kutuachia kuta, mvua itazibomoa, nasi tutakuwa tumepoteza mara mbili kitu kilekile.

Kama mji mkubwa una umeme na reli, basi una vya kutosha. Hapa tulikuwa na Chuo tu.

Mara ya kwanza hamkutuuliza. Mara hii tumejibu kabla ya kuulizwa. Kijiji kimekaa. Atakayelegeza msumari mmoja wa paa lile atanyimwa moto Bisibo, yeye na atakaowaleta, mpaka alete mnyama. Hata kama alizaliwa hapa. Hata kama kitovu chake kimezikwa hapa. Aliyesimama kupendekeza ni mimi, kama zamani, na safari hii baba yako ndiye aliyeunga mkono.

Tena Chuo hakijafungwa. Funguo ninazo, na nimezitumia. Tangu Pasaka ninafundisha katika chumba cha kwanza cha darasa, upande wa kushoto: vijana waliomaliza la saba, na akina mama wanaotaka kusoma. Jovina anafundisha hesabu. Ng'washi amerudi getini na beseni, maana wanaosoma wana njaa saa nne asubuhi. Ulisema kweli hapo. Bustani tumepanda upya. Walimu wawili wa Chuo walioruhusiwa kutoka jeshini wamekuja kuuliza vyumba vyao, tukawapa, na sasa wanafundisha bila kuambiwa na ofisi yoyote. Halfani ameniandikia kutoka mjini kwamba yuko tayari kurudi akiruhusiwa.

Njoo na lori lako. Funguo sitakupa. Ukitaka kuvua mabati itakubidi utembee juu ya vichwa vyetu, maana tutakuwa chini yake, tukisoma.

Genoveva


Lusahunga
7 Julai 1979

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini Baba yu mzima.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la chumvi kwenye njia panda. Lori tumekuja nalo salama kutoka Mwanza, likiwa na mafundi wawili na nyundo zao. Dereva ni kijana anaitwa Malongo. Asubuhi hii, tulipokunywa chai, nilimwambia safari iliyobaki ni ya Bisibo. Akafungua boneti, akatazama ndani, akafunga.

Akasema, "Limekufa, mzee."

"Limekufa nini?"

"Limekufa tu."

"Jana lilikuwa linaimba milima yote."

"Ndiyo, lilikuwa linaaga."

Nikamuuliza kama ana jamaa Bisibo. Akatazama barabara, akasema amemchumbia binti anayefundisha hesabu mahali fulani kilimani, na kwamba mama yake huyo binti anauza maandazi, na kwamba kwa mila yao mtu aliyenyimwa moto haozwi. Mafundi wangu wawili walisikia. Mmoja akaweka nyundo yake chini ya kiti, akaenda kununua mahindi ya kuchoma. Nikabaki mimi.

Shangazi, barua yako nilitembea nayo tangu Mei. Niliisoma ofisini, nikaenda kwa mkubwa wangu, nikanyoosha mkono na kuuliza. Sikujibiwa vizuri, ndiyo maana nilipanda lori. Nilipanda, na hilo haliwezi kufutwa. Lakini leo nimempelekea mkubwa huyo simu ya maandishi: lori ni bovu, paa la Bisibo lina watu chini yake, halivuliki, nashauri Mwalimu Halfani arudishwe, nami jina langu analijua na mahali nilipo anapajua. Pengine nitakuja kuwa mwalimu wa hesabu wa pili. Sijui.

Nimenunua mbuzi. Ni dume, ana pembe nzuri, na hapa ninapoandika anatafuna kamba ya mizigo yangu. Sitavuka mpaka wa kijiji mpaka nipate jibu la wazee. Barua hii anaichukua mwendesha baiskeli anayeleta chumvi kwenu.

Kuhusu kuoa, nitakujibu uso kwa uso, kama nitapewa moto.

Tomasi


Bisibo
8 Julai 1979

Mwanangu Tomasi,

Wazee wamekaa asubuhi. Baba yako alizungumza maneno machache, kisha akaenda mwenyewe kuchanja kuni, na wewe unamjua, hajashika shoka tangu alipoanza kukohoa.

Njoo na mbuzi. Pitia barabara ya getini, saa ya mchana, watu wakuone. Malongo aje na lori lake likifufuka. Kuna mchanga wa kusomba kwa ajili ya choo cha wasichana. Mafundi waje na nyundo, paa la bweni linavuja upande wa karanga zangu.

Moto unawaka. Mimi nitakuwa darasani mpaka saa sita. Ukifika kabla ya hapo, kaa nyuma, wala usinikatize.

Shangazi yako,
Genoveva